Bwana Shamba Anasema: Mvua ya Kwanza Siyo Masika



Tumeingia mwezi wa Machi. Joto ni kali. Mashamba yamekwisha kusafishwa, na kila mtu anatazama juu. Ukipita njiani unasikia swali moja tu: mvua itanyesha lini?

Katika mikoa yetu ya Tanga na Kilimanjaro huu ni wakati wa kungoja masika. Ndivyo ilivyo pia kwa jirani zetu wa Pwani, Dar es Salaam, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba. Masika ni mvua za Machi, Aprili na Mei. Wenzetu wa Dodoma, Singida, Mbeya, Ruvuma na Mtwara hawana masika kama yetu. Wao wana msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kwisha Aprili au karibu na hapo. Kwa hiyo redio ikitaja mvua za Dodoma, usikimbilie jembe. Ngoja utajiwe mkoa wako.

Mwezi huu nimepata barua ya mama mmoja wa wilaya ya Handeni. Alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na barua ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Anasema ana kilo 8 za mbegu ya mahindi ya TMV-1. Aliuza mbuzi ili aipate mbegu hiyo. Fedha ya kununua nyingine hana. Mvua moja imenyesha kijijini kwao usiku, na asubuhi yake majirani wote walikuwa shambani wakipanda. Sasa anauliza: nipande, au ningoje?

Mama yangu, swali lako ni zito. Kilo 8 ni mbegu ya ekari moja. Ekari moja ndiyo chakula cha nyumba yako mpaka vuli. Nitalijibu polepole, na wengine wote wasome, kwa sababu najua si wewe peke yako unayejiuliza.

MVUA INATOKA WAPI

Kwanza tujue kitu kimoja juu ya jua. Mwezi wa Desemba jua liko kusini kwetu. Mwanzoni mwa Machi linapita juu ya vichwa vyetu. Simama uwanjani adhuhuri utazame kivuli chako: ni kifupi sana, kama umekikanyaga. Tarehe 20 au 21 Machi jua linakuwa juu ya mstari wa Ikweta. Baada ya hapo linakwenda kaskazini.

Ukanda wa mvua hulifuata jua. Lakini hulifuata kwa kuchelewa, kama mtoto mdogo anavyomfuata mama yake sokoni. Anasimama, anachezea jiwe, anakimbia, anasimama tena. Ndiyo maana masika haianzi tarehe ileile kila mwaka. Mwaka mmoja inakuja mapema Machi, mwaka mwingine inakuja Aprili.

Upepo nao unabadilika. Tangu Novemba tumekuwa na kaskazi. Mwezi wa Machi kaskazi inachoka. Siku nyingine upepo unatoka huku, siku nyingine unatoka kule, na siku nyingine hakuna upepo kabisa, ni jasho tu. Kisha kusi inaanza kuvuma. Kusi inatoka baharini, na imebeba maji.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla ya redio. Mzee akikuambia ngoja upepo ugeuke, usimcheke. Anasema kweli. Lakini wapo pia wanaopanda kwa sababu wamemsikia dudumizi analia. Mimi nampenda dudumizi, ila yeye hulia hewa ikiwa na unyevu, na hewa inaweza kuwa na unyevu siku moja tu. Dudumizi hana mbegu ya kupoteza.

Milima nayo ina kazi yake. Mawingu ya kusi yakifika Usambara yanapanda mlima, yanapoa, na yanamwaga maji upande unaotazama bahari. Amani na Muheza wanapata mvua nyingi. Yakishavuka yamebaki mepesi. Ndiyo maana Mkomazi na Same ni pakavu, ingawa mawingu ni yaleyale. Jambo hili likumbuke, kwa sababu litakusaidia kuelewa maneno ya redio.

MANENO YA REDIO

Utabiri wetu unatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kuna utabiri wa msimu mzima, ambao kwa masika hutolewa kabla ya mvua kuanza. Kuna wa mwezi. Kuna wa siku kumi. Kuna wa siku tano, na kuna wa kesho. Watu wengi husikiliza ule wa msimu tu, wakasema, "Tumeambiwa mvua ni nzuri," kisha wakazima redio. Hapo ndipo wanapopotea.

Utabiri wa msimu unakuambia juu ya jumla. Unasema mvua itakuwa ya wastani, au juu ya wastani, au chini ya wastani. Wastani maana yake nini? Chukua mfano. Tuseme mahali penu masika ya kawaida huleta milimita 400. Mvua ya kuanzia milimita 300 mpaka 500 bado inaitwa ya wastani. Ikipungua 300 ni chini ya wastani. Ikizidi 500 ni juu ya wastani. Kwa hiyo neno "wastani" ni pana. Ndani yake mna shamba linalostawi, na mna shamba linalonyauka.

Na jambo kubwa zaidi ni hili. Jumla haikuambii mvua itagawanywaje. Milimita 400 zinaweza kunyesha vizuri, leo kidogo, keshokutwa kidogo. Au zinaweza kunyesha nusu yake kwa wiki moja ya Aprili, na kabla yake na baada yake pakawa pakavu. Jumla ni ileile. Mavuno siyo yaleyale.

Kwa mkulima aliyeshika mbegu mkononi, utabiri wenye faida zaidi ni ule wa siku kumi na ule wa siku tano. Tuusome pamoja. Tuseme jioni moja unasikia maneno ya namna hii: mikoa ya Tanga na Kilimanjaro inatarajiwa kuwa na hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua.

Huo ni mfano wangu tu, siyo utabiri wa leo. Lakini maneno yake utayasikia mara nyingi.

"Maeneo machache" maana yake ni vijiji vichache kati ya vingi. Mvua itakuwapo mkoani, lakini huenda isifike kwako. Ikiwa wewe uko Muheza, bahati yako ni kubwa kidogo. Ikiwa uko nyuma ya mlima, usiitegemee. Watu wa nyuma ya mlima husema redio imewadanganya. Haikuwadanganya. Ilisema machache.

"Baadhi ya maeneo" ni zaidi ya machache, lakini si yote. "Maeneo mengi" ndilo neno tunalolingoja sisi wakulima. Redio ikisema mvua katika maeneo mengi, tena ikasema hivyo leo, na kesho, na keshokutwa, basi ukanda wa mvua umefika kwetu.

"Vipindi vya jua" si jambo baya. Maana yake ni kwamba mvua haitanyesha kutwa nzima.

Sikiliza pia upepo. Upepo huitwa kwa mahali unakotoka, siyo unakokwenda. Redio ikisema upepo wa pwani utavuma kutoka kaskazini mashariki, hiyo bado ni kaskazi. Ikisema kutoka kusini mashariki, kusi imeanza. Msikilizaji makini anaweza kujua habari ya masika kwa sentensi ile ya upepo peke yake, ambayo wengi huona ni ya wavuvi.

Jambo jingine. Utabiri wa kesho una nguvu kuliko utabiri wa siku ya tano, na wa siku ya tano una nguvu kuliko wa siku ya kumi. Ni kama kumtazama mtu anayekuja barabarani. Akiwa mbali unaona ni mtu tu. Akikaribia unamjua ni fulani. Kwa hiyo usisikilize mara moja ukakata shauri. Sikiliza kila jioni. Utabiri wa leo ukipingana na wa juzi, fuata wa leo.

JEMBE LINASEMAJE

Sasa turudi kwa mama wa Handeni na mvua yake ya usiku mmoja.

Mama, kabla ya kufungua mfuko wa mbegu, chukua jembe uende shambani. Usichimbe mahali maji yaliposimama. Chimba katikati ya shamba, mahali pa kawaida. Chimba shimo la shubiri moja na utazame ukuta wa shimo. Udongo mweusi wa unyevu umefika wapi? Mvua moja ya usiku mara nyingi hulowesha vidole vitatu au vinne tu. Chini ya hapo ni vumbi lilelile la Februari.

Mbegu haijui habari ya chini. Ikipata unyevu kidogo inavimba na kuamka. Baada ya siku tano mpaka saba inatoa ncha juu ya ardhi. Siku za kwanza mche unakula chakula kilichomo ndani ya mbegu. Ndiyo maana majirani zako wataona miche ya kijani na kufurahi. Lakini baada ya wiki moja au mbili chakula kile kinakwisha. Mzizi unatafuta maji chini na unakuta vumbi. Kama mvua ya pili haijafika, mche unageuka rangi, unakunja majani, unakufa. Katika udongo wa kichanga unakufa haraka. Katika udongo wa mfinyanzi unachelewa kidogo, lakini mfinyanzi nao una tabu yake: unataka mvua nyingi zaidi mpaka ulowe.

Wakulima wa wilaya yangu ninawapa kipimo hiki. Panda yakitimia mambo matatu. La kwanza, unyevu umefika shubiri nzima. La pili, mvua imenyesha zaidi ya mara moja katika wiki hiyo. La tatu, utabiri wa siku tano zinazofuata unataja mvua tena katika mkoa wako. Likikosekana la kwanza, usipande, hata kama redio inasifu. Likikosekana la tatu, ngoja siku mbili usikilize tena.

Najua mtaniuliza: na anayepanda kavu, kabla ya mvua? Njia hiyo ipo, na kwa mwenye shamba kubwa na mikono michache inaweza kufaa. Lakini anayepanda kavu hufukia mbegu chini zaidi, sentimita 7 mpaka 10, ili mvua ndogo isiiamshe. Anayepanda kwenye unyevu hufukia sentimita 5, yaani kama viungo viwili vya kidole cha shahada. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu anayepanda juujuu, sentimita 3, katika vumbi, na kusema amepanda kavu. Huyo amewalisha kunguru na panya. Tena kupanda kavu ni bahati nasibu. Mwenye mbegu ya akiba anaweza kuicheza. Mwenye kilo 8 za mbuzi mmoja simshauri.

Sasa wale majirani waliokwisha kupanda wafanyeje? Wasilime tena kwa hasira. Wafukue mashimo kumi, sehemu mbalimbali za shamba, watazame mbegu. Ikiwa bado ngumu na kavu, haijaamka, iacheni ilale. Ikiwa imevimba na kutoa mkia mweupe, na mkia huo bado laini, kuna tumaini mvua ikija karibuni. Ikiwa mkia umekauka na kuwa kahawia, mbegu hiyo imekufa. Mashimo mangapi kati ya kumi yamekufa? Yakiwa mawili au matatu, ngoja masika yenyewe kisha urudishie. Yakiwa sita au saba, jiandae kupanda upya, na uanze leo kutafuta mbegu, kwa sababu masika ikifika kila mtu ataitafuta na bei itapanda.

Na wewe mama, siku utakapopanda usimalize kilo zote 8. Bakiza kilo moja ya kurudishia. Nafasi zako ziwe sentimita 75 mstari kwa mstari na sentimita 60 shimo kwa shimo, mbegu mbili kila shimo.

KUNGOJA NAKO KUNA MWISHO

Msije mkasema bwana shamba amesema tungoje, mkakaa barazani mpaka Mei. Kuchelewa nako kunaua, ila kunaua polepole na bila kelele.

Tufanye hesabu. TMV-1 hukomaa kwa siku 110 hivi. Ukipanda tarehe 20 Machi, mahindi yatatoa mbelewele karibu tarehe 14 Mei. Huo ndio wakati mhindi unapotaka maji kuliko wakati wote, na mwezi wa Mei mvua kwa kawaida bado ipo. Utavuna karibu tarehe 8 Julai. Ukipanda tarehe 20 Aprili, mbelewele zitatoka karibu tarehe 14 Juni. Pwani, kama Tanga na Pangani, mwezi wa Juni bado hupata mvua kidogo. Lakini ninyi wa Handeni, Korogwe chini na Mkomazi, mvua ya Juni ni ya nadra. Mhindi utakuwa mrefu na mzuri, na gunzi litakuwa na punje za kuhesabu.

Kwa hiyo masika ikichelewa kupita katikati ya Aprili, badilisha mpango. Weka mahindi sehemu ndogo, ile yenye udongo unaoshika maji. Sehemu nyingine panda kunde au choroko, ambazo hukomaa kwa miezi miwili mpaka mitatu. Panda na muhogo na viazi vitamu. Si aibu. Watoto hawaulizi kama ulipanda kwa wakati, wanauliza kama kuna chakula.

KIMBUNGA CHA MBALI

Kuna habari moja ambayo wakulima wa bara huipuuza. Kila mwaka, kati ya Novemba na Aprili, vimbunga huzaliwa katika Bahari ya Hindi upande wa kusini. Vingi vinakwenda Madagaska na Msumbiji. Mtu wa Same akisikia habari hiyo anasema, hainihusu, mimi sina mtumbwi.

Inakuhusu. Kimbunga kikubwa huvuta upepo wenye maji kutoka pande zote. Kikikaa huko kusini, kinaweza kuvuta unyevu uliokuwa uje kwetu. Mawingu yetu yanaondoka na anga linabaki jeupe. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi. Watu wengi sana walikufa kule. Na huku kwetu masika ya mwaka ule ilichelewa sana. Waliopanda kwa mvua za kwanza za Machi walikaa wiki nyingi wakitazama jua.

Basi redio ikitaja kimbunga huko Msumbiji au Madagaska, na wewe hujapanda, ongeza siku za kungoja. Mamlaka huwa inasema katika taarifa yake kama kimbunga hicho kitaongeza mvua kwetu au kitaipunguza. Sikiliza mpaka mwisho.

Mara chache kimbunga huja hapa hapa. Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga cha Aprili 1952. Mwaka 2021, mwezi wa Aprili, tulitangaziwa kimbunga Jobo. Kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani yetu, na watu wengi wakacheka. Wakasema wataalamu wanapenda kututisha. Miaka mitatu ikapita. Mwezi wa Mei 2024 ikatangazwa habari ya kimbunga Hidaya. Kilifika karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei. Vyombo vya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa, na barabara ya kwenda Lindi ilikatika kwa maji. Wale waliocheka mwaka 2021 na kwenda baharini mwaka 2024, hao walicheza na roho zao.

Mwaka huohuo wa 2024, mwezi wa Aprili, mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 nchini walikuwa wamekufa kwa mvua za msimu ule. Kwa hiyo tusizungumze juu ya mahindi tu. Tuzijue na rangi za hatari.

Utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa hutumia rangi. Njano ni angalizo: kaa macho. Rangi ya chungwa ni tahadhari: jiandae, ondoa vitu bondeni. Nyekundu ni tahadhari kubwa: ondoka, usingoje kuona maji. Mvua kubwa kwa lugha yao ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Upepo mkali ni unaozidi kilomita 40 kwa saa, na mawimbi makubwa ni yanayozidi mita 2. Ninyi wa Pangani na Mkinga mkisikia mita 2, ngalawa ibaki ufukweni.

Na mtu asivuke mto uliofurika kwa sababu jana alivuka salama. Mvua iliyonyesha Lushoto usiku inafika bonde la Korogwe ikiwa huku kwenu hakuna hata wingu.

KOPO LA MVUA

Mtu aliniuliza, milimita ni nini, mbona mvua haina urefu? Ni swali zuri. Mvua ikinyesha juu ya sakafu bapa, na maji yasiende popote wala yasikauke, yatasimama kwa kina fulani. Kina hicho ndicho kinachopimwa. Milimita moja ni kijistari kimoja kidogo katika rula ya shule. Inaonekana si kitu. Lakini milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi, yaani mapipa 20 yale makubwa ya lita 200. Mvua ya milimita 20 imekuletea mapipa 400 bila kubeba ndoo hata moja.

Unaweza kupima mwenyewe. Tafuta kopo lenye ukuta ulionyooka, kama la maziwa ya unga. Mdomo na kitako viwe na upana mmoja. Lisimamishe juu ya kigingi, mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na ulifunge lisianguke. Kila asubuhi saa moja chomeka rula mpaka kwenye kitako, soma maji yamefika kijistari cha ngapi, kisha mwaga. Usisahau kumwaga. Mwambie na mtoto asinyweshee kuku humo.

Andika katika daftari tarehe na milimita. Kama haikunyesha, andika sifuri. Usiache nafasi tupu, maana baada ya mwezi hutajua kama hapakunyesha au ulisahau. Ukishajumlisha siku tatu nne ukaona zimefika milimita 20 na kuendelea, chukua jembe uchimbe lile shimo la shubiri. Mara nyingi utaona kopo na shimo vinakubaliana. Visipokubaliana, amini shimo.

Vijiji vyenye darasa la watu wazima vinaweza kufanya kazi hii darasani. Mmoja asome rula, mwingine aandike ubaoni, mwingine ajumlishe. Bandikeni karatasi kwenye ubao wa matangazo wa kijiji pamoja na utabiri wa siku tano kama mlivyousikia redioni. Utabiri uandikwe kwa maneno yaleyale. Aliyesikia "maeneo machache" asiandike "mvua inakuja". Na habari zinazotembea katika simu bila kutaja zilikotoka, hizo msizibandike.

Mama wa Handeni, gazeti hili huenda likakufikia mvua ya pili imekwisha kunyesha. Ukilipata, nenda kwanza kwenye shimo. Unyevu ukiwa umefika shubiri, na jioni redio ikataja Tanga katika mvua za siku zinazofuata, panda kesho yake asubuhi. Kama bado kuna vumbi, funga mfuko, uning'inize mahali pakavu panya wasipofika, na usione haya kwa majirani.

Wengine mnaopima kwa kopo, mniletee hesabu zenu za Machi kwa afisa wa kata mwanzoni mwa Aprili. Mwezi ujao nitaandika juu ya palizi ya kwanza na viwavijeshi, ambao hupenda kutokea mvua inaporudi baada ya jua.